Kikombe cha Siku ya Nne

Kaka yangu Thani hakuwa mtu mkubwa. Nnasema mapema, asije mtu akakaa kitako akingoja habari za masheikh na mawaziri. Alikuwa karani katika bohari ya mchele ya tajiri mmoja hapa Maskati, karibu na forodha. Mwembamba, kanzu yake ya dishidasha safi, kalamu mfukoni, na kifundo cha mguu wa kulia kilichovunjika mara mbili. Mara zote mbili kilivunjwa na gongo la hoki, na ukimuuliza atakuonyesha pale pale, hata kama mnakula.

Hoki ndiyo iliyokuwa dunia yake. Unguja alikuwa akichezea timu moja ya mjini, si mchezaji wa kuandikwa gazetini, lakini hakuwahi kukosa mechi. Mwaka wake wa mwisho kule timu yao ilikuwa inaongoza ligi na zimebaki mechi mbili tu. Ikaingia Januari ya sitini na nne. Yaliyotokea kila mtu anayajua na mie sina nia ya kuyarudia. Watu waliharibikiwa na makubwa kuliko hoki. Lakini kila mtu ana chake kinachomkera, na cha Thani kilikuwa zile mechi mbili. “Kheiria,” alikuwa akinambia, “si kwamba tulishindwa. Hatukumaliza.” Nikamjibu kuwa ana bahati yake kama hilo ndilo lililobaki kumsumbua. Nna mdomo, najijua.

Maskati tuliingia mwezi wa kumi mwaka ule ule, mie, yeye, na mwanangu Ishaq, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Mume wangu alikuwa Kuwait kazini, akituletea barua na salamu. Tukapanga vyumba viwili. Joto lilikuwa limeshapungua, upepo mzuri, asubuhi unajifunika shuka. Thani akasema nchi hii hali yake ya hewa haina tofauti na Unguja. Alisema hivyo kwa kinywa chake, na mie nilikuwapo.

Hakumaliza miezi mitatu akagundua kuwa watu wazima wa Maskati na Matrah wana hoki yao. Wanacheza vizuri, wana timu na mambo yao, lakini watoto kazi yao ni kuokota mipira ikitoka nje. Thani akakasirika utadhani katukanwa yeye. Akawa akitoka kazini hali, halali, anazunguka mlango kwa mlango kuwasemesha wazee wa watu. Baada ya Idi Ndogo ya mwaka sitini na tano akawa keshaunda ligi ya watoto, wasiozidi miaka kumi na minne, timu nne: Maskati, Matrah, Sidab na Ruwi. Kila timu icheze na kila mwenzake mara mbili. Ukishinda pointi mbili, mkitoka sare moja moja. Hakuna fainali. Mwisho wa msimu pointi zinajumlishwa, mwenye nyingi ndiye bingwa.

“Kikombe cha fainali,” alisema, “anaweza kukichukua mtu aliyeamka vizuri siku moja. Hiki ni cha mtu aliyeamka vizuri msimu mzima.”

Kikombe chenyewe sasa. Thani alikuja kwangu siku moja ananizungukazunguka, anauliza habari za chai, anauliza habari za Ishaq, mpaka nikamwambia aseme anachotaka. Alitaka furungu za mama, zile bangili zake za miguuni. Zilikuwa jozi moja, fedha tupu, nzito, ndicho kitu pekee cha mama nilichovuka nacho bahari. Tuligombana siku mbili. Siku ya tatu nikampa, kwa sababu mama alikuwa mama yake pia, na kwa sababu nyingine nitakayoisema sasa hivi.

Alizipeleka kwa fundi wa fedha kule Matrah, bingwa wa ala za majambia, ambaye maisha yake hajawahi kutengeneza kikombe kisichonywewa. Fundi akamuuliza, “Kinafanya kazi gani?” Thani akamwambia, “Kinakaa.” “Kinakaa tu?” “Kinakaa tu, watu wanakitazama.” Fundi akatikisa kichwa, akaona hawa waliotoka Unguja wana mambo, lakini kazi aliifanya. Akakitia vipini viwili na nakshi za ala ya jambia kutoka mdomoni mpaka kwenye kitako. Nilipokiona nilinyamaza, na watu wanaonijua wanaelewa maana yake.

Na sababu yangu ndiyo hii. Ishaq alikuwa nahodha wa Maskati. Mwanangu katika nchi hii hakuwa na kitu cha kusema hiki changu. Nyumba ya kupanga, shule hakuna, baba yuko mbali. Nilimwambia Thani, “Furungu za mama zinatoka kwangu na zitarudi kwangu. Ishaq atakuja nazo mkononi.” Nilikitaka kile kikombe, sifichi. Nilikuwa nimeshakitafutia na mahali pake, rafu ya juu, mbali na kuku wa Mahbuba jirani yangu waliokuwa wakiingia ndani bila hodi.

Wakakutana wazee wa timu zote nne kupanga tarehe. Thani alikuwa ameandika ratiba nzima kwa hati yake nzuri. Alifuata miezi ya Unguja: kule mwezi wa sita na wa saba ni kipupwe, baridi, ndiyo miezi ya kucheza. Kwa hivyo mechi ya mwanzo aliiweka mwisho wa Aprili, baada ya Idi Kubwa, na ya mwisho tarehe mbili Julai. Karatasi ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Mzee Suud wa Matrah, babu yake Muslim, yule kijana aliyekuwa nahodha wao. Mzee Suud alikaa Pemba miaka mingi ujanani na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani lakini kilikwenda. Akaitazama karatasi muda mrefu. Akamtazama Thani. Akasema, “Kheri, inshallah.” Na wengine wote wakasema kheri, inshallah, wakaletewa kahawa.

Mechi za mwanzo zilikwenda vizuri. Mwezi wa tano joto likaanza kuja, na halikuja kwa adabu. Mechi zote zilichezwa Ruwi, na Ruwi siku zile ilikuwa bonde tupu lenye mawe na uwanja mdogo wa ndege, si Ruwi hii ya mabenki. Gongo ukiliacha juani dakika tano huwezi kulishika. Thani akazisogeza mechi baada ya sala ya alfajiri, watoto wakacheza huku mama zao wamekaa na madumu ya maji. Mie nilikuwa nakaa pembeni na wanawake wenzangu, nimejifunika baibui langu, natoka jasho mpaka kwenye kope. Kila mechi mzee mmoja wa timu fulani alikuwa akimuuliza Thani, kwa upole, kama haoni joto. Thani anajibu litapungua, mwezi wa sita unakuja. Wanamjibu inshallah.

Ikabaki mechi moja, sisi na Matrah. Sisi tuna pointi nane, wao saba. Sare ilitutosha. Wao ilikuwa lazima washinde. Usiku wa kuamkia siku hiyo Ishaq alilala na gongo lake kitandani.

Ijumaa ile tulifika Ruwi jua halijatoka vizuri. Watoto wetu wakajipanga. Thani na firimbi yake na saa yake. Kikombe kimewekwa juu ya sanduku la chai, kimefunikwa kitambaa. Tukangoja. Jua likapanda, likakaa juu ya vichwa vyetu, na Matrah hakuna hata mtu mmoja. Mwisho akapita mtu na punda wake. Thani akamuuliza kama kawaona watu wa Matrah.

“Wamekwenda kwenye tende,” akasema yule bwana.

“Watarudi lini?”

“Tende zikisha.”

“Na zitakwisha lini?”

“Mwezi wa tisa hivi, Mungu akijaalia.”

Ndipo tulipojifunza kitu ambacho kila mtoto mchanga wa nchi hii anakijua. Joto likishika, watu wa Matrah wanafunga nyumba zao na kuhamia mashambani, kwenye mitende na maji, na wanakaa huko msimu mzima. Wenyewe wanaita kaidhi. Unguja hakuna kitu kama hicho, na Thani hakuwa bado ameliona joto la Omani hata mara moja alipoandika ratiba yake. Wazee wa Matrah walikuwa wamehamia kijiji cha Ghala, kule Bausher, wiki nzima nyuma, pamoja na timu yote.

Mie nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikasimama. Kwa sababu kanuni aliiandika Thani mwenyewe: timu isiyofika uwanjani imefungwa, pointi mbili zinakwenda kwa iliyofika. Nikamwambia, “Basi yamekwisha. Mpe mtoto kikombe chake twende nyumbani kabla hatujakauka.”

Thani akasema, “Sitoi.”

“Hutoi nini? Kanuni si yako?”

“Kanuni yangu, na kosa langu. Mie ndiye niliyeweka mechi mwezi wa tende. Siwezi kumfunga mtu kwa ujinga wangu.”

Nikamwambia maneno pale ambayo sitayarudia mbele za watu. Nikamwambia ya furungu, nikamwambia ya Ishaq, nikamwambia kuwa ana akili za kuku wa Mahbuba. Akaniacha nikamaliza. Kisha akamgeukia Ishaq, akachutama mbele yake, na kile kifundo chake kibovu kikalia.

“Nahodha. Ukikitaka sasa hivi, chukua. Sheria iko upande wako.”

Mtoto akanitazama mie, akamtazama yeye. Nilikuwa namkonyeza. Akasema, “Nnakitaka, mjomba. Lakini Muslim atasema sikumfunga, na itakuwa kweli.”

Kile kichwa kigumu kinarithiwa, na kwa mjomba ndiko kilikotoka.

Tajiri wa Thani alikuwa na lori lililokuwa likienda Sib kila Jumamosi, na njia yake inapita Ghala. Thani akaomba ruhusa ya siku moja, akaomba na nafasi garini. Tukapanda alfajiri watoto kumi na wawili, magongo, Thani, kikombe ndani ya gunia la mchele, na mie. Mie nilikwenda kwa sababu watoto kumi na wawili hawawezi kuachiwa mwanamume mmoja mwenye akili ya mpira, na kwa sababu nilitaka kukiona kikombe changu kikiingia mikononi mwa mwanangu kwa macho yangu. Dereva alituteremsha Ghala, akasema atapita kesho kutuchukua.

Ghala siku zile si gereji na mabohari. Ilikuwa mitende, falaji, yaani mfereji wa maji ya moto yanayotoka kwenye mwamba, na nyumba za makuti chini ya kivuli. Tulikuwa hatujafika vizuri watoto wa Matrah wakatuona, wakaja mbio wakipiga kelele. Muslim akamkumbatia Ishaq. Mzee Suud akatoka nje kutupokea, na nyuma yake mkewe, Bi Sayyida, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyekaa naye Pemba miaka ile yote. Mikeka ikatandikwa. Kahawa ikaja, tende mpya laini zikaja, mbuzi akachinjwa. Nilitaka kuinuka kusaidia, Bi Sayyida akanishika bega akanikalisha. “Tafadhali, usijisumbue, umechoka na safari.” Nikatiwa mto mgongoni, nikapepewa.

Alasiri Thani akasema wacheze. Palikuwa na uwanja mkavu, mgumu, kando ya mitende. Wanawake tukakaa nyuma ya ua wa makuti, tunachungulia. Firimbi ikalia.

Dakika ya tatu Ishaq akafunga goli. Nikapiga kigelegele. Dakika ya sita likaingia la pili, na kipa wao nilimwona kwa macho yangu akisogea pembeni kama anayempisha mtu mlangoni. Muslim, mtoto aliyekuwa anaweza kuwapita watu watano na mpira ukabaki naye, alikuwa akiupata anampa mtu wetu. Likaingia la tatu. Bi Sayyida pembeni yangu anapiga makofi, “Mashaallah, mashaallah, watoto wenu hodari.” Na mie, kwa vile nilikuwa nimeshaona kikombe kiko kwenye rafu, nikasema ahsante.

Thani akapuliza firimbi. Akasimama katikati, akasema hakuna mechi.

Nilitaka kuuvuka ule ua. Tatu bila. Tatu bila, na yeye anasimamisha. Akamwita Muslim, akamuuliza wanafanya nini. Mtoto akatazama vidole vya miguu yake.

“Babu kasema nyinyi wageni,” akasema.

Thani akamwendea Mzee Suud aliyekuwa amekaa kivulini na fimbo yake. Mzee hakuona haya hata kidogo. “Mgeni wangu hafungwi nyumbani kwangu,” akasema. “Mmekuja kwangu, mmekula chumvi yangu, kisha wajukuu zangu wakuaibisheni? Watu watasemaje? Chukueni kikombe, kheri, mle na chakula cha usiku.”

“Lakini, Mzee wangu, huo si mchezo.”

“Mchezo ni mchezo. Ugeni ni ugeni.”

Kaka yangu akakaa chini. Alikaa pale muda mrefu, anachora mchangani kwa kidole, na mie nikamwona anafikiri na nikaogopa, maana nilikuwa namjua. Kisha akauliza, “Mzee wangu, ugeni ni siku ngapi?”

“Siku tatu. Kila mtu anajua.”

“Na siku ya nne?”

Mzee Suud akacheka, meno yake mawili yakaonekana. “Siku ya nne, kama ungalipo, utanisafishia falaji.”

“Basi tutaisafisha,” akasema Thani.

Kesho yake lori lilipokuja, dereva alimkuta Thani barabarani peke yake. Dereva akamuuliza amwambie nini tajiri. Mie nilidhani atasema anaumwa, kama mtu yeyote mwenye busara. Akasema, “Mwambie niko Ghala, nangoja ugeni uniishe.” Dereva akaondoka akijisemea. Nikamuuliza Thani kama anajua kuwa anaweza kufukuzwa kazi. Akasema anajua. Nikamuuliza kama anajua kuwa timu ile nyingine ikicheza sawasawa inaweza kutufunga. Akasema hilo analijua zaidi.

Siku mbili zile nilikula mpaka nikaona haya. Sikuruhusiwa kushika hata kijiko. Nikiinua bakuli, wakwe zake Bi Sayyida wawili wananivamia. Watoto wetu walilishwa, wakaogeshwa maji ya moto ya falaji, wakalazwa penye upepo mzuri kuliko wenyeji. Ishaq na Muslim walikuwa wakikaa pamoja kutwa, lakini hata wakikimbizana Muslim anajiachia ashindwe. Ishaq akaanza kuchukia. “Mama,” akanambia, “kucheza naye kunachosha.”

Jumanne, siku ya nne, kulipopambazuka, Mzee Suud akaja na fimbo yake akamgonga Thani unyayo. Hakukuwa na kahawa. Akatoa majembe na makapu. Watoto wetu kumi na wawili na watoto wao wakaingia kwenye falaji kuzoa tope, wakabeba makapu ya tende kutoka shina mpaka nyumbani, wakatukanwa kama kawaida kila walipomwaga. Thani alifanya kazi na wao, dishidasha kaifunga kiunoni, kafurahi kama bwana harusi. Alasiri wakapumzika kidogo. Kisha wakashika magongo.

Hiyo ndiyo ilikuwa mechi. Firimbi haijamaliza kulia, Muslim akampiga Ishaq bega, akampokonya mpira, na wale wanawake wote waliokuwa wakinambia mashaallah siku tatu wakasimama wakapiga kelele kwa watoto wao, hakuna hata mmoja aliyenitazama. Watoto walikimbia mpaka vumbi likawafunika. Kipa wao alizuia mipira miwili kwa kifua. Kabla ya mapumziko Ishaq akapita katikati ya watu wawili akapiga chini, kulia, goli. Moja bila. Nilijikuta nimeng'oa kuti zima la ua.

Baada ya mapumziko wakasawazisha. Moja moja. Ilitutosha, nilizidi kujiambia inatutosha, tisa kwa nane. Matrah walihamia upande wetu wote wakakaa huko. Watoto wetu wakawa wanapiga mpira popote, mitendeni, kwenye falaji, mradi uende. Mie nikahesabu dakika kwa jua, na jua langu likaniambia muda umekwisha. Nikatoa kichwa nje ya ua, baibui na kila kitu.

“Thani, muda umekwisha!”

Thani akanitazama, akainua mkono wenye saa, akaonyesha kidole kimoja. Dakika moja. Firimbi ilikuwa shingoni mwake. Angeweza kuipuliza, nani angejua? Saa ilikuwa yake peke yake katika kijiji kizima. Nilimtazama na alijua ninachomwomba. Akageuka, akaendelea kuutazama mpira.

Katika dakika ile Muslim aliuchukua kwenye kona, akampita mmoja, akampita wa pili, akampita Ishaq wangu aliyejitupa chini kwa urefu wake wote, akaupiga. Mbili moja. Thani akangoja mpira urudishwe katikati, akaitazama saa, ndipo akapuliza.

Sikulia. Nilikuwa na hasira mno. Ishaq alikuwa bado amelala chini na uso wake kwenye vumbi. Thani akaenda kwenye lile gunia, akatoa kikombe, akakipangusa kwa mkono wa dishidasha yake, na akampa Muslim kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Akasema, “Pointi tisa. Bingwa wa msimu.” Kisha akaja moja kwa moja nilipo, na machozi yanamtoka waziwazi, mtu mzima, na anacheka. “Kheiria, tumemaliza,” akanambia. “Umeona? Tumemaliza ligi.”

Mzee Suud alikuwa anatufuata nyuma na fimbo yake. Hakusema pole wala hongera.

“Hebu weye, Thani,” akasema, kwa sauti ya kusikiwa na kijiji, “nambie. Mtu gani mwenye akili zake anaweka ligi mwezi wa saba?”

Thani akajifuta macho. “Mlijua?”

“Tulijua tangu ule mkutano. Mbuzi wangu wanajua.”

“Wote mlijua?”

“Wote. Tulipotoka tulicheka mpaka Matrah.”

“Mbona hakuna aliyenambia?”

Mzee akamtazama kama anayemwonea huruma. “Ulikuwa mgeni. Mgeni akisema jua linatoka magharibi, unamwambia kheri, inshallah, unamtilia kahawa. Leo nnakwambia: una kichwa kibovu. Mwakani tunaanza mwezi wa kumi na moja, na ratiba naandika mie.”

Thani alicheka mpaka kile kifundo kikamshinda akakaa chini. Na ni kweli, ligi ile ilichezwa kila mwaka mpaka mwaka wa sabini na baada yake, ikianza mwezi wa kumi na moja, na kila mwaka ilimalizika. Kazi yake pia hakufukuzwa. Tajiri alikuwa mtu wa Matrah na alishapata habari za mabao.

Lakini siku ile mie nilikwenda nikakaa juu ya gogo peke yangu, nimenuna. Bi Sayyida akanifuata. Kwanza alinipigia kigelegele sikioni, makusudi, mpaka nikaruka. Kisha akaniambia watoto wangu wanakimbia kama waliovimbiwa, na kwamba mwanangu akitaka kumzuia Muslim aanze kula samaki. Nikafungua mdomo kumjibu. Hakunipa nafasi.

“Na weye umekaa kitako unanuna,” akasema, “masufuria nani atakosha? Watu thelathini wamekula. Inuka.”

Akanitupia kitambaa akaondoka.

Nikabaki nimekishika. Tokea mwezi wa kumi, kila nyumba niliyoingia katika nchi hii nimewekewa mto, nimetiliwa kahawa, nimeambiwa kaa, usijisumbue. Hakuna aliyewahi kunituma. Nikayabeba yale masufuria mpaka kwenye falaji, nikachutama, nikaanza kukosha, na hapo ndipo nilipolia, na sikuwa na huzuni hata chembe. Chini yangu kidogo Ishaq na Muslim walikuwa wamo majini, wanapokonyana kikombe, wanachotea maji na kumwagiana, na Ishaq anamwambia mwakani atakichukua, na Muslim anamwambia ajaribu aone. Nilikuwa nafika kwenye sufuria la mwisho Bi Sayyida akapiga kelele kutoka nyumbani kuwa lile kubwa sikulisugua vizuri. Nikalirudia.